Samaki Wako Watatu, Tangi Langu la Pembeni

Mtani wangu Somoe,

Marehemu haulizwi hali, na mimi na wewe hatukuwahi kuanza mazungumzo kwa salamu, kwa hiyo naanza na ugomvi kama ulivyonizoeza. Samaki wako wako kwangu. Wote watatu ni wazima, pamoja na yule mwenye mkia uliochanika. Hawako kwenye tangi kubwa la mbele ambamo ungetaka wakae. Wako pembeni, peke yao, kwenye tangi la lita sitini, nyuma ya benchi ninapokatia vioo. Najua ungesema nini. Kaa kwanza nikueleze.

Barua hii naiandika wazi, watu wa Rahaleo waisome, kwa sababu ugomvi wetu nao ulikuwa wa wazi. Wateja wangu wa vioo na wateja wako wa cherehani waliusikiliza miaka yote kupitia ukuta ule mmoja wa mabati uliotugawa, na kila mmoja alikuwa na upande wake. Tangu msiba wako wanachojua ni kipande tu: kwamba yule Mmakonde amechukua samaki wa marehemu, kisha akawatenga. Nimeshasemwa kwenye bajaji nikiwa nimekaa humo humo. Sasa wasikie na kipande kilichobaki.

Unakumbuka tangi langu la kwanza? Mimi nalikumbuka kwa hasara. Nilikuwa fundi wa madirisha tu. Ufundi huo hakunifundisha mtu. Nilivunja vioo vya kutosha mpaka mkono ukaelewa. Nyumba zilipokuwa zinajengwa kwa kasi, wakati kila mtu anazungumzia gesi ya Madimba, kazi ilikuwa nyingi na vipande vya kubaki vilikuwa vingi zaidi. Nikasema sivitupi. Nikaunganisha vipande vinne na kitako, nikajaza maji, nikasimama pembeni nikijisifu. Lita moja ni kilo moja, hilo nilikuwa nalijua, ila sikuwa nimelizidisha. Kilo mia na ishirini ziliegemea kioo cha milimita nne, kikaachia. Maji yote yakapita chini ya mabati, yakaenda kwako, yakalowesha magauni ya harusi ya watu.

Ukaja mlangoni na gauni linachuruzika.

"Mmakonde, nani amekuomba bahari?"

Halafu hukuondoka. Uliingia, ukachuchumaa, ukaangalia maungio yangu, ukapitisha kidole kwenye silikoni. "Hii gundi umeipaka kama mtu anayempakia siagi mtoto wa jirani." Nikakasirika, lakini nilipoangalia vizuri nikaona ni kweli, nimebania. Tangi la pili nilipaka kama napakia mtoto wangu, na kioo nikaweka cha milimita sita. Lile tangi bado liko hai, nyumbani kwa mteja, halijawahi kutoa hata jasho. Hayo mengine yote niliyopata baadaye, matangi ya ofisini, ya hospitali, ya nyumba za wageni, nimeyapata kwa mkono wangu. Siagi ni yako, hilo nakupa.

Sasa tuje kwenye ile Ijumaa.

Nilikuwa nimetoka kuswali. Nikakukuta ndani ya duka langu, umekaa kwenye kigoda changu, mbele ya tangi kubwa, unakula korosho zangu. Ndani ya tangi kulikuwa na samaki wangu ishirini na sita wa dhahabu, na mmoja ambaye si wangu.

"Umeweka nini humu?"

"Mke mwenza. Wako wamechoka kuangaliana."

"Umemtoa wapi?"

"Kwa mtu wa basi. Unauliza ukoo wake unataka kumuoa wewe?"

Nikasogea. Mapezi yake yalikuwa na vidoa vyeupe, vidogo, kama chembe za chumvi. "Huyu anaumwa, Somoe."

"Ni mapambo. Nyinyi babu zenu walichanja mpaka uso, samaki wangu akiwa na nukta tatu imekuwa kesi?"

Mtu asiyekuwa wa huku atauliza kwa nini sikumtoa pale pale. Wa huku hawatauliza. Mtani amekuletea zawadi, ameitia ndani kwa mkono wake, amekaa anakutazama uone utafanya nini. Ukimtoa mbele yake, umeshindwa, na kushindwa kwenyewe kutasimuliwa mpaka Tandahimba. Basi nikavuta debe nikakaa na mimi, tukala korosho, tukatukanana mpaka adhana ya magharibi. Ulipoondoka nilimtoa. Nilikuwa nimechelewa. Kidudu kinacholeta vidoa vile kina tabia yake: kinadondoka kutoka kwa samaki, kinajificha kwenye changarawe, kinazaana huko chini, kisha watoto wake wanapanda kutafuta mwili mwingine. Wewe unaona maji safi, kumbe yameshapandwa mbegu.

Kwenye wale ishirini na sita wakabaki wanne.

Angekuwa mtu mwingine ningemfikisha kwa mjumbe. Wewe nisingeweza. Mtani hadaiwi, wala hanuniwi. Ulikuja ukaona tangi tupu, ukanyamaza, na kunyamaza kwako ndiko kulikoniuma kuliko samaki. Kesho yake ukaniletea ugali na mboga ya kisamvu, ukaweka juu ya benchi, ukasema, "Kula, mfiwa." Nikala. Lakini kuna neno lilibaki, na nalisema leo kwa sababu ulipokuwa hai utani haukuniruhusu: iliniuma, Somoe. Iliniuma sana.

Ndipo nikaamua kuwa na tangi la pembeni. Samaki yeyote mgeni atakaa peke yake wiki nne kwanza, na wavu wake, na ndoo yake. Akiwa na ugonjwa utajitokeza huko. Hesabu yake ni nyepesi: unahatarisha wachache au unahatarisha wote. Nilikueleza kupitia mabati, nikidhani kwa mara ya kwanza nina hoja isiyo na tundu.

"Kwa hiyo umewapeleka jando," ukasema.

"Nimewaweka karantini."

"Ni jando. Mtawatoa lini, nije na ngoma?"

"Nyinyi Wayao ndio mnaopeleka watoto porini, halafu samaki wangu akikaa nyuma ya benchi unaniletea kelele?"

Wateja wakacheka, nikadhani nimeshinda. Ila siku moja ya mvua, hakuna mteja kwako wala kwangu, ukanijibu kwa sauti ambayo si ya utani. Ulikuwa unatunga uzi kwenye sindano, hukunitazama.

"Tulipovuka Ruvuma na mama nilikuwa mdogo. Tulipofika kijijini tukawekwa kwenye ghala la korosho. Wakasema kwanza waone kama hatuna ugonjwa. Watu wanapita, wanatuchungulia kwenye nafasi za mbao. Mama akiomba maji, ndoo inawekwa mbali, aliyeileta anarudi mbio. Hatukuwa na ugonjwa. Tulikuwa na njaa. Aliyekuja kutufungulia ni mama mmoja wa Kimakonde, akasema hawa wanalala kwangu. Mbishi kama wewe."

Ukakata uzi kwa meno, ukaendelea kushona.

Siku ile niliendelea kukata kioo changu. Lakini wiki iliyofuata nikarudi na hoja zangu zile zile, kwa sababu samaki si watu na mimi nina biashara. Sijutii. Ulitaka niache kufikiri kwa sababu umenihuzunisha, na mimi sijajengwa hivyo.

Lakini kusema kweli, tangi la pembeni halikuwahi kukaa kwangu. Nalitengeneza, naliweka nyuma, mteja anaingia kuulizia dirisha, jicho linaangukia pale, analitaka, nauza. Nikitengeneza jingine, nalo hivyo hivyo. Fundi hawezi kuangalia kitu kinachotakiwa na mtu akakiacha kikae. Wewe ulikuwa unaliona likipakiwa kwenye bajaji, unasimama mlangoni na tepu shingoni: "Karantini imehama tena." Hivyo miaka ikaenda. Mimi nahubiri tangi la pembeni, tangi lenyewe sina, na wageni nawatia mbele huku nikiomba Mungu.

Kisha ukaondoka wewe.

Siku ya msiba wako nilifanya kazi yangu ya mtani, na waliokuwepo ni mashahidi kwamba sikubania. Nilikaa kizingitini nikasema jeneza halipiti mpaka niambiwe nani atanimalizia suruali niliyokuletea tangu Idi. Nilivaa tepu yako, nikawapima waombolezaji viuno, mmoja mmoja, nikamwambia kila mtu ameongezeka. Shangazi yako alicheka mpaka akakaa chini, halafu akiwa pale pale chini akalia. Kabla sijaondoka niliingia chumba chako cha kushonea, nikawatia samaki wako kwenye ndoo, nikapita nao katikati ya watu. Hakuna aliyefungua mdomo. Mtani akichukua kitu msibani, amechukua.

Kwako walikuwa wakiishi kwenye beseni la bluu. Nilikutengenezea tangi la kioo mara mbili, ukakataa mara mbili, ukasema kioo kinawavua nguo.

Zuhura binti yako alinifuata mpaka dukani, bado na ushungi wake wa msibani. Akasimama mbele ya tangi kubwa.

"Watakaa hapa mbele, Mjomba. Watu wanaopita wawaone."

"Watakaa pembeni kwanza. Wiki nne."

"Pembeni kwa nini?"

Nikamwambia kuhusu vidoa, changarawe, ile Ijumaa. Akanisikiliza mpaka mwisho, maana umemlea vizuri. Kisha akasema, "Mama alilala ghalani, Mjomba. Na samaki wake nao?"

Mimi ni mtu wa namba, nikaligeukia tangi la mbele nikahesabu. Humo mna samaki thelathini na mmoja, karibu wote uzao wa wale wanne waliobaki, niliowalea toka wakiwa vijusi vya kuona kwa taa. Hao ndio wanaomfanya mtu asimame barabarani, aingie, aagize tangi. Madirisha ya kioo sasa kila kijana anakata. Wakifa hawa, sianzi mara ya tatu; nimefika umri wa kujua nimebakiwa na mianzo mingapi. Na upande wa pili kulikuwa na watatu, ambao ndio pekee uliowaacha wakipumua ukimtoa huyo binti. Nikiwatia mbele ningeweza kupoteza vyote. Nikawaweka pembeni. Zuhura akaondoka bila kuaga.

Tangi nililotumia lilikuwa la mteja, mama mwenye nyumba ya wageni upande wa bandarini. Gundi yake ilikuwa imeshakauka, linasubiri kuchukuliwa. Nikajiambia akija nitalisafisha nimpe.

Niliwahudumia kama inavyotakiwa: wa mbele kwanza, wako mwisho, mikono nanawa kwa sabuni, kila tangi na wavu wake. Maji yao niliyaacha wazi siku nzima kabla ya kuyatia, dawa ya bomba iishe. Kila asubuhi niliwachunguza nikitafuta vidoa. Sitakudanganya, kuna sehemu yangu iliyokuwa inavitafuta kwa hamu. Vingetokea, ningepanda juu ya benchi niwatangazie Rahaleo nzima.

Havikutokea.

Wiki ya tatu baridi ya Julai ikashuka, na umeme nao ukaondoka, ukarudi kesho yake. Pampu zilisimama. Wako walikuwa watatu tu kwenye maji yao, hawakuhangaika. Wangu walikuwa wengi, wakajaa juu wakitafuta hewa, nikawapepea maji kwa kikombe mpaka bega likafa ganzi. Hawakufa. Nikashukuru. Lakini siku chache baadaye nawasha taa ya tangi la mbele, namwona jike langu kubwa, lile la rangi ya chungwa, mapezi yote yana chumvi.

Nilisimama pale nikafanya hesabu, maana ndiyo njia pekee ninayoijua. Tangi la mbele halijaingia mgeni tangu mwaka jana. Wavu tofauti, ndoo tofauti. Wako ni wasafi kama walivyotoka kwako. Nikaizungusha hesabu kila upande, ikarudi na jibu moja: ugonjwa ulikuwa mle mle, siku zote. Samaki mwenye nguvu anaweza kuubeba bila kuuonyesha. Akichoka, akikosa hewa, akipata baridi, unatoka. Wangu walikuwa wazima kwa sababu walikuwa kwao.

Sasa fikiria ningewatia wako mbele siku ile ya msiba, kama Zuhura alivyotaka. Wametoka kwenye ndoo, wamechoka, maji mageni. Wangekuwa wa kwanza kufa. Na mimi ningesimama mbele ya binti yako nikaapa kwamba ni wao walioleta. Ningeapa nikiwa na uhakika, na idadi ningeitaja.

Kwa hiyo lile tangi halikuwakinga wangu dhidi ya wako. Liliwakinga wako dhidi yangu. Nimefikiria sana wale wenye ghala. Nao walijiona wazima kwa sababu walikuwa wenyeji. Hakuna aliyeuliza kijiji chenyewe kina nini. Ulikuwa sahihi kuhusu hilo. Mgeni si mgonjwa kwa sababu ni mgeni. Lakini na mimi nilikuwa sahihi kwamba akae kwake kwanza, na leo nalisema kwa nguvu zaidi kuliko zamani, kwa sababu sasa najua linawafaa wote wawili. Lakini lawama ya ile Ijumaa inabaki kwako. Vidoa niliviona kwa macho yangu, na hapo hunitoi.

Nilitia chumvi ya mawe, kidogo kidogo, nikabadilisha maji mpaka kiuno kikakataa kunyooka. Nimepoteza saba. Ishirini na nne wanakula vizuri.

Wiki iliyopita mama wa nyumba ya wageni akaja.

"Fundi, tangi langu liko wapi?"

"Lile pale."

"Mbona lina wenyewe?"

"Nitakutengenezea lingine, zuri zaidi, kioo kipya kabisa."

"Mimi nataka hilo, nimeshaliandalia mahali. Hao samaki si watie hapo mbele na wenzao?"

"Hapo mbele kuna ugonjwa, mama. Na hilo tangi haliuzwi."

Cherehani upande wako ilikuwa inalia, ikanyamaza. Zuhura ndiye anayekaa pale sasa, na masikio ameyarithi. Sauti yake ikapita kwenye mabati: "Mjomba, unaumwa? Umekataa mteja?" Kisha akaja mwenyewe, akainama kwenye tangi la wako, akawatazama muda mrefu. Akaenda mbele, akawatazama wangu.

"Wa Mama wanatoka lini?"

"Wakipona wangu. Na wakishapona nasubiri tena."

"Kwa hiyo waliotengwa ni wako."

"Kwa sasa, ndiyo."

Hakucheka. Alikwenda kwake akarudi na mguu mmoja wa suruali yangu, kuuliza aupunguze au auache. Nikasema auache.

Basi, mtani, hapo ndipo nilipo. Tangi la pembeni nimeliandika kwa rangi ubavuni kwamba si la kuuza, na kila anayenunua tangi kwangu namwambia achukue na dogo la pili, na sababu namweleza zote mbili, yangu na yako. Wengine wanadhani natafuta soko. Waache. Kinachonikera ni wewe. Miaka yote tumegombana nikiwa na nusu ya hoja, leo ninayo nzima, na upande wa pili wa mabati hakuna wa kuniharibia. Hilo ndilo deni ulilonikimbia nalo, na mtani hadaiwi.

Pumzika, Myao. Zamu nimeigeuza: kila asubuhi nawalisha wako kwanza, kwa mikono safi, ndipo naenda kwa wangu.

Mtani wako,
wa upande wa vioo